Daktari wa Dizeli

"Usifungue!" fundi alifoka, na dereva akauondoa mkono wake haraka juu ya mfuniko wa rejeta ya pikapu. "Miaka kumi na moja unaendesha dizeli, bado hujui maji yaliyochemka yanababua uso?"

"Nilikuwa nagusa tu, fundi."

"Gusa vya kwako."

Fundi huyu alijiita Daktari wa Dizeli, na kwa kuwa mjini hapakuwa na mwingine aliyeziweza injini hizo, watu walilimeza jina hilo pamoja na kejeli zake. Aliwadharau madereva. Aliwadharau matajiri wao. Zaidi ya wote aliwadharau mafundi wenzake, wale ambao gari likichemsha wanang'oa themostati, wanaitupa jalalani na kumwambia mteja gari limepona.

Tajiri wa ile pikapu alisimama kivulini, simu mkononi.

"Fundi, nataka kujua jambo moja tu," alisema. "Kama ni uzembe wa huyu, leo leo namwachisha kazi. Duka la saruji ni la mke wangu, pikapu ni yake, na anataka jibu kabla ya jioni."

"Bosi, nina watoto wanne," dereva akasema.

"Hapa gereji," fundi akamkata. "Watoto kawahesabie mbele."

Injini ilipopoa, kazi ikaanza. Fundi alifungua mfuniko, akawasha gari na kuchungulia. Hakuna mapovu, basi gasketi ya hedi ni nzima. Akaushika mpira wa juu wa rejeta, akangoja mpaka ukapata moto, basi themostati inafunguka. Mkanda umekaza, feni inavuta. Kila alichokikuta kizima alikitangaza kwa sauti, kana kwamba wawili wale walikuwa wamekisingizia.

Kisha akalala chini ya gari, kichwa juu ya kimto alichoshonewa na mkewe. Kichwa kama chake, alipenda kusema, si cha kulazwa mchangani. Mpira wa chini ulikuwa ukivuja, tone moja moja.

"Hiki ni kikohozi tu," alisema. "Mgonjwa ana ugonjwa mwingine."

Akazima injini, akaiacha ipoe tena, ndipo akaing'oa rejeta. Nyuma ya ile rejeta ndogo ya kiyoyozi alichomoa tonge la kitu kama pamba, jeusi kwa vumbi na mafuta. Likafuata jingine. Na jingine. Upepo ulikuwa hauna pa kupita.

"Saruji siku hizi inaota manyoya?" akamuuliza dereva, tonge likiwa karibu na pua yake. "Dukani hakuna uchafu huu, barabarani hakuna. Hili gari linaingia kwenye uwanja wa mtu. Tena si mara moja wala mbili. Kila likiingia, feni inafyonza ya huko."

"Fundi, mimi saa nane mchana nakabidhi funguo kwa bosi."

"Saa nane unakabidhi funguo, saa tisa gari linajiendesha lenyewe!"

Dereva akamtazama tajiri. Tajiri akaitazama simu yake. Dereva akakitazama kile kimto pale chini, akasogea.

"Naomba nikwambie kitu pembeni, fundi."

"Sina pembeni mimi. Mtu mzima umeaminiwa gari, unakwenda kulichemshia kwa mwanamke! Na huyo mwenye mke, kama yupo, ni zuzu wa mwisho. Pikapu nzima inaingia kwake na hana habari!"

"Yatosha, fundi," tajiri akasema upesi. "Nimeelewa. Wewe, lete funguo. Kesho usije."

Dereva aliweka funguo juu ya boneti. Kisha akaondoka kwa miguu. Fundi alimsindikiza kwa cheko refu la raha.

Baadaye aliisafisha rejeta kwa maji na upepo wa kompresa, akairudisha, akamimina kulanti, dawa ya kijani ya kupozea injini.

"Mji mzima wanatia maji ya bomba," alisema. "Hii naagiza mimi peke yangu, na gari la kwanza kuwekewa ni lako. Ule mpira wa chini nitaubadilisha kesho. Kwa leo utadondosha kidogo, usiwe na wasiwasi."

Tajiri hakuwa akisikiliza. Alikuwa akiandika ujumbe.

"Leo unafunga saa ngapi, fundi?"

"Saa kumi na mbili kamili, kama kila siku. Mimi si mzembe, bosi."

"Najua," tajiri akasema, akawasha gari. Mshale wa joto ukapanda, ukatulia pale pale panapotakiwa.

Saa kumi na mbili fundi alifunga gereji, akaenda nyumbani kwa miguu. Hakuwahi kumiliki gari, wala baiskeli. Wenye magari, kwake, walikuwa watumwa wa mafundi. Njia nzima alicheka peke yake, akipanga namna ya kumsimulia mkewe habari za yule zuzu asiyejua kinachoegeshwa uwanjani kwake.

Alizungukia nyuma ya nyumba, ambako mkewe hujaza sufi kwenye mito yake ya kuuza. Alimkuta ameinama, anafagia.

"Mke wangu, leo nimemfukuzisha mtu kazi," alianza, na hapo hapo akasimama.

Mbele ya mlango wa nyuma palikuwa na doa la kijani, bado bichi, na sufi za mito zimeganda juu yake.