Santuri Iliyooshwa

Siku ile mjinga alikuwa Shekue, na mwenyewe hakatai. Sheria ilitaka kila muziki wa nyumbani uoshwe hasira, naye akaibeba hadi ofisi ya serikali ya kuoshea muziki santuri ya jazi aliyoiimba marehemu mama mkwe wake, nakala pekee iliyobaki, akichekacheka, akidhani wataondoa na mikwaruzo.

Mikwaruzo iliondoka kweli. Lakini alipoipiga jioni, saksafoni iliyokuwa ikilia kama mfiwa ilibembeleza kama tangazo la sabuni. Pale mama mkwe alipokuwa akipasua koo, "Mungu, waone waliotubomolea," sasa aliimba kwa sauti yake ileile, "Mungu, wabariki waliotujengea." Kwaya ikaitikia kwa makofi ya harusi.

Mkewe, Nakijwa, aliacha kukuna nazi.

"Si sauti ni yake, mama Tumsifu?" Shekue alijitetea. "Afadhali hivi kuliko kunyang'anywa. Wameiosha tu."

Nakijwa aliinua sindano ya gramafoni.

"Hata maiti huoshwa, baba Tumsifu. Ila haiambiwi iimbe."