Faili la Babu

"Chukua," kaka mtu alisema, akaisukuma bahasha chini ya kioo.

Dada mtu hakuigusa. Alikuwa kwenye foleni ya uhamiaji tangu saa mbili asubuhi, kama mgeni yeyote, kwa sababu nyumbani kwa kaka yake hakukanyagi. Alikuja na maneno ya kugombana, kayapanga njia nzima, na sasa hayana kazi. Ndani ya bahasha kulikuwa na cheti cha kuzaliwa cha babu yao, kile ambacho kaka, kwa ukubwa wake, alikuwa amekifungia miaka kumi na moja kwenye sanduku la marehemu baba.

"Unanipa hivi hivi?"

"Si umekiomba? Kapeleke ubalozini. Wakupe hiyo pasipoti, umfuate fundi bomba wako."

Fundi bomba ndiye mume wake. Alikuwa na mwaka wa sita katika nchi aliyozaliwa babu, na mara nne mkewe alikuwa amenyimwa viza. Mtoto wao wa kike alimjua baba yake kwa simu tu, uso na mabega. Siku moja alimuuliza mama kama baba ana miguu. Njia iliyobaki ilikuwa ya damu. Nchi ile inampa uraia mjukuu wa raia wake, mradi babu hakuukana kabla ya kuzaa.

Kaka mtu alikuwa afisa wa dirisha namba tatu, na watu wa foleni walimwita Rudi Kwenu. Rushwa hakula, hilo lazima tumpe. Ila kwake kuzaliwa hapa hakukuwa hoja. Sheria inafuata upande wa baba, basi naye alimfuata baba wa mtu, na baba wa baba, mpaka apate pengo. Watu waliozeekea mtaa mmoja aliwapakia kwenye gari wakatolewa nchini, na mchana ule ule akala akashiba.

Yeye mwenyewe hakuwa na wasiwasi. Habari za babu alizisimulia kwenye harusi na misiba: siku uraia ulipoanza kutolewa, mzee alikuwa mstari wa mbele kwenda kuapa. Baba yao alizaliwa miaka miwili baadaye. Kwa hiyo dada alipotoka na bahasha kaikumbatia, kaka alimcheka kimoyomoyo. Babu aliapa, akaukana uraia wa kwao, ndipo akazaa. Uzi ulishakatwa. Kilichobaki ni kuwaonyesha wale wa ubalozini mkasi.

Kikawaida ubalozi huandika barua uhamiaji kuuliza kama babu wa mwombaji aliwahi kuchukua uraia wa hapa. Barua za namna hiyo hulala masjala miezi mitatu, halafu hujibiwa kwa mstari mmoja: hakuna kumbukumbu. Waombaji wengi wamepenya kwa mstari huo. Barua ya dada yake ilipoingia, kaka mtu aliitoa chini ya lundo, akashuka nayo masjala mwenyewe.

Karani wa masjala, mama aliyebakiza miezi michache astaafu, alimwambia mafaili ya mwaka ule yako stoo, nyuma ya mabati, na mgongo wake si wa kuinama tena. Akauliza huyo mwombaji kamkosea nini.

"Ni dada yangu."

Karani alivua miwani, akamtazama. Akasema kama ni hivyo, si bora ajibu hakuna kumbukumbu, yaishe.

"Utachimba mpaka ulipate. Na ukilipata usinionyeshe. Gonga muhuri, nakala moja ubalozini, nyingine kwa mkuu. Asije mtu akasema nimetia mkono."

Karani alichimba siku nne.

Wiki hiyo kaka mtu alimpigia dada yake simu, akamkuta yuko kwenye cherehani. Akamshauri asiuze mashine, ataihitaji bado. Dada akamuuliza amemkosea nini hasa, maana kuolewa tu si kosa la kubebwa miaka yote.

"Kuolewa nilishakusamehe," kaka akasema. "Sasa unazunguka kwenye maofisi ukitangaza kwamba sisi ni watu wa kuja. Mimi nina jina hapa."

Akakata simu.

Wiki ya saba tangu barua iingie, Jumatatu, alimwona dada yake kwenye foleni. Akamchelewesha kusudi. Akaenda kunywa chai, akarudi, akawahudumia hata waliofika nyuma yake. Dada alipofika dirishani, kaka mtu alikuwa na maneno yake tayari, matamu kabisa, ila hakupata nafasi ya kuyatumia. Dada alikuwa ameweka juu ya kaunta pasipoti mpya, ya rangi nyingine.

"Naomba kibali cha mgeni kukaa siku kumi na nne, kaka. Nifunge mizigo, nimchukue mtoto tuondoke."

Aliipekua ukurasa kwa ukurasa. Akaielekeza kwenye mwanga. Akaikwaruza picha kwa ukucha.

"Umemhonga nani?"

"Faili lako ndilo limenipa. Babu alipanga foleni kweli, tena mapema. Zamu yake ilipofika akasema hawezi kuapa, akatoka zake. Karani wa siku hiyo aliandika, na chini mzee akaweka dole gumba. Ubalozini wamenisomea lote."

Mkono wa mkuu ulipita juu ya bega la kaka ukauchukua muhuri uliokuwa mezani. Kwenye mkono wa pili mkuu alikuwa na nakala yake ya faili hilo. Hakupaza sauti.

"Toka kwenye hicho kiti, mzee. Zunguka kwa nje, ukapange nyuma ya dada yako."