Watoto Hawana Siku Tisini

Jiwe la kwanza liligonga geti la kiwanda cha ngozi kabla rangi haijaonekana mtoni. Alilirusha mkunga, mwanamke wa miaka hamsini na ushee, akiwa bado na koti lake jeupe la zahanati.

"Dada, subiri maji yaseme," Afisa Maji alimwambia.

"Nimesubiri miaka miwili, kaka. Nimechoka!"

Na nani angemlaumu? Miaka miwili watoto wa bondeni wanaokunywa maji ya mto walikuwa wakiharisha mpaka macho yanadidimia. Wodi mpya ya zahanati yake, ya miaka hiyo hiyo miwili, ilijaa wiki ile ile ilipofunguliwa, utadhani ugonjwa ulikuwa unangoja vitanda. Wawili aliwafumba macho kwa mikono yake mwenyewe. Wakati huo huo kiwanda kiliendelea kunuka kama kilivyonuka miaka ishirini, na kila aliyeuliza alionyeshwa kibali cha kumwaga majitaka, kimetiwa fremu, kimetundikwa ukutani. Hasira gani itoshe hapo?

Wiki iliyopita ofisi ya maji iliitisha kikao. Wakili wa kiwanda, suti imenyooka, aliomba atakayekutwa anachafua mto apewe siku tisini za kujirekebisha, kama kanuni zinavyosema.

Mkunga alipiga meza, bilauri zikaruka.

"Siku tisini? Watoto hawana siku tisini! Afungiwe siku hiyo hiyo, awe nani, awe nani!"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Amri ikaandikwa hivyo hivyo, na kila mwenye bomba kando ya mto akatia saini. Wakili alisaini wa mwisho, shingo upande.

Asubuhi ya leo Afisa alizunguka peke yake, akamimina rangi ya kupimia kwenye vyoo na mifereji yao wote: kiwandani, shuleni, zahanati, kwa waosha magari. Kila mahali rangi yake. Ipi iliingia wapi alijua yeye tu na daftari lake, mjanja asije akawahi kuziba bomba. Kiwandani walimzungusha saa nzima getini. Zahanati walimpa na chai.

Sasa watu walikuwa wamejaa ukingoni mbele ya geti la kiwanda, chini ya mabomba yote, pale ambapo rangi yoyote iliyoingia mtoni lazima ipite. Fundi bomba, mume wa mkunga, alikaa mbali kidogo na wenzake. Huyu ndiye aliyechimba shimo la choo cha wodi kwa siku nne tu, kwenye mwamba mtupu, na mkewe alimsifia mpaka majirani wakachoka.

"Baba watoto, sogea uone wanavyoumbuka!"

"Naona vizuri tu. Turudi nyumbani, mke wangu. Kurusha mawe si kazi yako."

"Nirudi? Leo? Sibanduki!"

Saa sita kasoro mama mmoja aliyeshika ndoo alipiga ukelele. Wekundu ulichomoza kati ya mawe, kwanza uzi mwembamba, halafu mto mzima ukageuka. Rangi nyingine haikuonekana.

"Kiwanda! Kiwanda!"

Mawe yakanyesha juu ya geti. Meneja alitoka na mikono juu, akiapa kwamba wao wana mabwawa yao ya kusafishia. Nani alikuwa na masikio? Mkunga alikuwa analia kwa ghadhabu, amemshika Afisa mkono wenye kufuli.

"Funga! Usimsikilize wakili, usipokee simu ya mkubwa yeyote. Amri ni amri!"

Afisa alifungua daftari. Alisoma, akalifunga, akalifungua tena. Kisha akamtazama fundi bomba, akajipangusa uso kwa kiganja.

"Dada," alisema taratibu, "zile siku tisini. Kama ningesema tuzirudishe..."

"Hata moja! Wamekupa nini wewe?"

"Hawajanipa kitu." Alitazama kufuli. "Wodini mna watoto wangapi leo?"

"Kumi na mmoja. Wanahusu nini?"

"Watafutieni pa kwenda kabla ya jioni," alisema Afisa, akalipita geti la kiwanda bila kusimama, akashika njia ya zahanati.