Dalili Tatu za Zimwi

Mjaribu wa gemu alivua vipokea sauti masikioni na kufuta jasho viganjani.

"Kaka, huyu zimwi hukumtunga wewe," alisema. "Aliyeandika hizi dalili amemsikia kwa masikio yake."

Mtunzi alitaka kucheka, akaacha. Kazi yake ilikuwa kubuni mawindo ya pembeni: mchezaji anaacha safari kuu ya gemu, anaingia kijijini kuwinda zimwi, na kabla ya kumwona lazima akute dalili tatu. Mwezi mzima mazimwi yake hayakumtisha mtu. La mwisho, lenye pembe saba, wenzake walipiga nalo picha.

Ndipo juzi akamwomba binti yake wa miaka minane amtungie moja. Mtoto aliitikia haraka, macho chini. Leo asubuhi mtunzi alikuta karatasi ya mtoto kwenye begi lake la kazi, akaziingiza dalili kwenye gemu kama zilivyo, mbiombio.

Sasa aliisoma upya.

"Moja: kwenye ngazi anapanda polepole, halafu anasimama. Mbili: mama anazima televisheni. Tatu: anajaribu funguo. Wa kwanza unakataa, wa pili unakataa. Kabla ya wa tatu, uwe umeshafika chini ya kitanda."

Kuna mtu ana funguo za nyumba yake. Akapiga meza ngumi. Wenzake hawakuinua hata macho, wameshamzoea.

Alimpigia mkewe. "Nani anakuja hapo nikiwa kazini?"

"Hakuna, mume wangu. Kweli tena, hakuna." Sauti ilitetemeka. "Kwani... unarudi sasa hivi?"

Huyo mtu yuko naye hapo hapo, mtunzi akawaza, anamsikiliza. Akakata simu, akatoka mbio, roho mkononi. Njia nzima alimwona mwanawe chini ya kitanda, mdomo kauziba kwa mikono. Akimkuta huyo mtu, atamvunja.

Kwenye ngazi za nyumbani alinyata, asisikike. Ghorofa ya pili goti lake bovu likamsimamisha, kama kila siku. Juu, televisheni ilikuwa ikiongea. Ikanyamaza.

Akafika mlangoni, akatoa funguo. Miaka yote hajawahi kukariri upi ni wa mlango huu. Wa kwanza ukakataa. Wa pili ukakataa.

Ndani, miguu midogo ikakimbilia chumbani.