Doa Dirishani

"Safi kabisa, Mama," mwana wa Bi Suyun alisema huku akiangalia viatu vyake. "Daktari kasema twende zetu nyumbani."

Kisha akarudi mlangoni kunong'ona na daktari.

Bi Suyun akauvuta mfuko wa picha za skani ya kichwa chake. Akatoa mbili, ile ya baada ya upasuaji na ya leo asubuhi, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha. Miaka thelathini pale mjini Gaoyou, China, kazi yake ilikuwa hiyohiyo: kuinua mayai ya bata mbele ya taa na kuyatenga yenye doa.

Picha ya zamani ilikuwa na shimo jeusi pale walipoutoa uvimbe. Ya leo ilikuwa na shimo lilelile, ila ukingoni palikuwa na doa jeupe, dogo kama punje ya mchele.

"Nyie wawili, hebu njooni!"

Mwanawe akaja mbio. "Mama, hizo huwezi kuzisoma."

"Barua ndiyo siwezi, jina langu tu ndilo najua. Doa nalijua hata nikisinzia. Uvimbe umerudi. Daktari, unaweza kuukata?"

Daktari akamtazama mwana kwanza. "Naweza, bibi. Lakini kuna hatari, na mwanao amekataa kutia sahihi karatasi ya upasuaji."

"Kwani kichwa ni chake?"

Machozi yakamtoka mwanawe. "Mama, una miaka sabini na mbili!"

"Ndiyo maana usinipotezee muda."

Akanyoosha mkono, akachomoa kalamu kwenye mfuko wa koti la daktari.

"Karatasi iko wapi?"