Usimpe Paspoti Yako

Karatasi ilikuwa ndani ya ganda la godoro, imekunjwa ikawa ndogo kama stempu. Mhudumu mpya aliipata alipofungua zipu ili alifue lile ganda, maana hakutaka kulalia jasho la mtu asiyemjua. Mwandiko ulikuwa wa haraka:

"Usimpe msaidizi wa nahodha paspoti yako. Ukimpa, hushuki tena humu. Yangu anayo mwezi wa tano sasa."

Aliisoma amesimama, akairudia amekaa. Haikuwa na jina wala tarehe.

Kabla hajaikunja, mlango ukagongwa. Alikuwa msaidizi wa nahodha mwenyewe, kijana mrefu, mkavu wa maneno, funguo zinaning'inia kiunoni.

"Karibu kazini, dada. Paspoti yako inatakiwa."

"Iko chini kabisa ya begi, kaka. Nikimaliza kupanga vitu nitakuletea."

Kijana akalitazama begi, akamtazama yeye, akaondoka.

Haya, kazi ndiyo imeanza hivyo. Hata saa mbili hazijapita tangu akanyage boti ya tajiri, yenye vyumba sita na mazulia meupe, na tayari anamdanganya mkubwa wake. Lakini angefanyaje? Nyumbani alimwachia dada yake binti wa miaka saba, akamwapia mtoto kwamba shule zikifunguliwa atakuwa amerudi. Miezi mitatu, basi. Hiyo mitano hakuiapia.

Alikwenda jikoni. Mpishi alikuwa mama mnene, mcheshi, mtu pekee humo aliyecheka.

"Mama, huyu niliyemrithi kitanda alikuwa nani?"

"Mhudumu."

"Jina lake?"

"Humu majina tunayaacha gatini, mwanangu. Mpishi ni mpishi, fundi ni fundi. Bosi kataka hivyo. Watu wakibadilika, yeye hana haja ya kukariri upya."

"Sasa alikwenda wapi?"

Mpishi akaacha kumenya kitunguu. "Tuliamka siku moja hayupo. Nguo zake zote kaziacha, na..."

Hatua zikasikika kwenye ngazi. Nahodha alikuwa anateremka, msaidizi wake nyuma. Mpishi akarudia kitunguu chake.

"Pilipili usiyoila yakuwashia nini? Shika kisu, nisaidie."

Tangu hapo mhudumu hakumwondolea jicho yule kijana. Alimwona akifungua makabati matatu kabla hajafikia vikombe, kama mwizi anayepekua nyumba ya watu. Siku ya pili alimkuta kwenye ujia wa vyumba, anafungua mlango mmoja baada ya mwingine, anachungulia, anaandika kwenye daftari. Anaandika nini huyu? Mwanamke wa watu akalala na paspoti chini ya blauzi.

Nahodha alikuwa mtu mwingine kabisa. Mtu wa makamo, sauti ya taratibu, kila kikombe cha chai anachopelekewa anasema ahsante. Mhudumu ndiye aliyempigia pasi mashati. Kila bega lilikuwa na tepe nne za dhahabu, tatu zimefifia kwa kufuliwa, moja bado inang'aa. Alizipitishia pasi kwa uangalifu, asije akaziunguza.

Siku ya tatu msaidizi alikuja mara mbili. Mara ya pili alisimama katikati ya mlango.

"Dada, saa kumi tunang'oa nanga. Paspoti yako bado."

"Si nimesema nitaleta?"

"Unasema tangu juzi. Unaficha nini?"

Mhudumu akatupa jicho dirishani. Gati lilikuwa hapo chini, hatua kumi tu za ngazi. Angeweza kushuka na begi lake, akarudi nyumbani mikono mitupu, akaanza upya kuzungusha barua za maombi. Mwaka mzima aliitafuta kazi hii. Akasema moyoni, mkubwa ni jalala. Kama kuna taka humu, acha akamwagiwe yeye.

Akapanda ofisini kwa nahodha.

"Keti, binti yangu. Kulikoni?"

Akaeleza yote: makabati, daftari, milango. Machozi yakamtoka na hakujali. "Naogopa, mzee. Nina mtoto ananisubiri." Akamkabidhi karatasi.

Nahodha aliisoma polepole, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu.

"Umemwonyesha nani?"

"Hakuna."

"Hata mpishi?"

"Hata mpishi."

"Umefanya vizuri." Akaikunja, akaitia mfuko wa shati. "Basi hiyo paspoti nipe mimi, niitunze mwenyewe."

Mhudumu akaichomoa chini ya blauzi, bado ina joto lake, akampa kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza tangu apande boti ile alivuta pumzi ikamfika tumboni. Nahodha akaifungia kwenye sefu ya chuma, akainua simu ya mezani, akasema neno moja tu: "Twende." Injini zikanguruma chini ya miguu yao. Dirishani, kamba zilikuwa zinavutwa ndani, na gati lilikuwa limeanza kubaki nyuma.

"Na yule msaidizi wako, mzee? Utamfukuza?"

"Nimfukuze kwa kosa gani?" Nahodha akatabasamu, akatia ufunguo wa sefu mfukoni. "Yule ana wiki moja tu humu. Nahodha wa zamani alistaafu mwezi uliopita, na mpaka siku hiyo msaidizi wake nilikuwa mimi."