Kifua cha Mchimbaji

"Mpige picha nyingine!" Mama aliipiga meza ya daktari wa mgodi kwa kiganja, kalamu zikaruka. "Hiyo mitambo yenu imeoza."

"Mapafu ya mzee ni safi, mama. Mashine ya oksijeni imebaki moja, nayo ni ya mwenye vumbi la makaa kifuani."

"Basi mwenyewe ndiye huyu!"

Mumewe, mchimbaji mstaafu, aliinamia kofia yake, jasho likimtiririka. Nyuma yao, shemeji aliyeletwa kubeba kikapu alikohoa mpaka akashika ukuta.

"Na wewe koma!" mama alimfokea. "Kaka yako anakata roho, wewe unamwigiza!"

Alimpachika jina la Sabuni. Tangu ujana shemeji huyo alikaa chumba chao cha uani, kazi yake haijulikani. Kutwa haonekani, jioni huyo, anang'aa na kunukia kama bwana harusi. Mume ndiye aliyerudi mweusi tii, utosini mpaka kwenye kucha, yakabaki macho na meno. Mama alimsugua mgongo kwa maji ya moto huku akimsonya shemeji dirishani. Majirani wa kumwonea huruma hakuwa nao. Mume hakutaka kabisa kupanga karibu na wachimbaji wenzake.

"Nguo zake nilizifua kwa mikono hii," alimwambia daktari. "Maji yalitoka kama wino. Leo useme hana vumbi?"

Daktari alivua miwani. "Alirudi nalo nyumbani?"

"Kila siku ya Mungu!"

"Mama, mgodi huu una bafu. Anayepanda kutoka shimoni anaoga, anaacha nguo za kazi humo humo, ndipo anafunguliwa geti. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za baba yangu. Hakuna mchimbaji aliyewahi kutoka hapa mchafu."

"Mwongo mkubwa wewe!" Mama alimtingisha mumewe bega. "Mwambie! Mbona umekaa kama gunia? Mwambie!"

Mzee hakumtazama mkewe wala daktari. Alikuwa akimtazama mdogo wake, aliyekwisha kuketi sakafuni akitafuta pumzi.

"Lile shimo lilinishinda siku ya kwanza, nikawa najipaka tu makaa kabla ya kurudi nyumbani," alisema. "Miaka yote ile, aliyeshuka kwa jina langu ni yeye."